Sadaka Yetu ya Timbo Ilivyoingia Gazetini

Majina yote ninayo. Watu wa Utange wananijua kwa hilo. Mtu akitaka kujua babu wa baba yake aliitwa nani, au mke wa kwanza wa fulani alikuwa binti nani, huletwa kwangu. Shule sikukaa. Nilitolewa mapema nikalee wadogo zangu, na hadi leo nasoma kwa kidole na kwa sauti. Lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Hata hivyo humu sitaandika hata moja. Nimeona jina la mtu linavyofanywa likishaingia mikononi mwa wanaoandika, na haya yangu nataka nife nayo yakiwa mazima.

Riziki yetu ilikuwa timbo. Mgeni akituuliza timbo ni nini, tulimpeleka akaone: shimo kubwa jeupe, pana kupita uwanja wa mpira, wanaume wamo ndani wanakata mawe ya kujengea nyumba, jiwe moja moja, kwa shoka na mtaimbo. Marehemu mume wangu alikata mawe humo mpaka mgongo ukamkatalia. Mwanangu akakata, naye akafariki. Akaja mjukuu wangu, mtoto wa huyo mwanangu, niliyemlea tangu hajaota meno.

Mjukuu huyo ana jina la babu yake, kama ilivyo ada kwetu. Nami nilifurahi kwa sababu yangu mwenyewe. Zamani mke hakumwita mumewe kwa jina. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nikisema "baba fulani", na jina lenyewe nikilisikia kwa wengine. Mtoto alipopewa jina lile ndipo nami nikaweza kulitamka, nikalitamka kutwa kucha, na akikataa kuoga nilikuwa namtania, "Njoo mume wangu, mwanamume gani huyu ananuka!" Amekuwa mtu mzima, ana ndevu, na bado tulikuwa tukitaniana vivyo hivyo.

Ardhi ya timbo haikuwa na hati, kama ardhi nyingi ya pwani. Wazee walikata, watoto wakakata. Na si sisi wenyeji peke yetu. Wabara walipokuja kutafuta kazi, wengi wao walishuka humo na mitaimbo yao wakajifunza. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mmoja wao, yeye na mkewe, Wakristo wa kanisani kila Jumapili. Mke alifanya kazi kiwandani Changamwe. Mimi aliniita shosho, yaani bibi kwa lugha yao, nami nikamwita mwanangu, na bomba la maji lilikuwa letu sote.

Kisha reli mpya ikafika Miritini, maghala na majumba yakaota kando ya barabara, na jiwe letu likawa mali. Hapo ndipo akatokea tajiri mmoja na hati aliyoipata huko alikoipata. Alikuja na tingatinga, na nyuma ya tingatinga vijana wenye bunduki, nguo zao hazina jina la kampuni wala la serikali. Vijana wetu wakasimama kwenye mdomo wa timbo na mitaimbo yao. Siku ile tingatinga lilirudi. Siku nyingine bunduki zilisema, na wakataji wawili tukawazika. Sitasema wetu walikuwa malaika. Mlinzi mmoja wa tajiri naye alipigwa jiwe la kichwa akafa, na jina lake ninalo, na jina la mamake pia, maana nilikwenda nikauliza.

Gazeti tuliliona linabadilika pole pole. Mwanzo waliandika "wakata mawe". Wakati ule tulifurahi, tukawanunulia watoto nakala waone baba zao. Kisha wakawa "vijana". Kisha "wavamizi". Yule mlinzi alipokufa wakawa "genge". Tajiri yeye tangu mwanzo hadi mwisho alikuwa "mwekezaji", na wenye bunduki walikuwa "walinzi". Mlinzi wao "aliuawa kinyama". Wetu wawili "walipoteza maisha katika purukushani". Mimi nilikuwa nakaa barazani na kidole changu juu ya maneno hayo, nikijiuliza mtu anapotezaje maisha yake kama aliyeangusha ufunguo sokoni.

Sasa nieleze habari ya mbuzi, kwa sababu yote yaliyotufika yalitokana na mbuzi huyo.

Timbo halifunguliwi upande mpya bila sadaka. Jiwe huporomoka, limeshakula watu. Kwa hivyo huchinjwa mbuzi mweusi pale pale kwenye jiwe. Mwalimu wa madrasa husoma dua, ubani hufukizwa, mzee mmoja husema maneno ya kwetu ya kuwaomba waliotangulia, na wabara nao huinamisha vichwa wakasali kwa njia yao. Wanawake tunapika. Watoto hupewa ubwabwa kwanza, mpaka matumbo yawe kama ngoma. Huko nyuma, kabla bunduki hazijalia, mpiga picha wa gazeti alitukuta katika shughuli hiyo. Alisema anaandika juu ya kazi ya timbo. Hatukumuuliza zaidi. Mtu aliyekuta sadaka haulizwi ametumwa na nani, hupewa sahani. Akala, akanyonya mfupa, akaomba tena. Nilimpakulia mimi.

Picha aliyoipiga siku ile ndiyo iliyotoka gazetini baada ya kifo cha mlinzi.

Jirani yangu, yule mke, ndiye aliyeniletea. Alisimama mlangoni, haingii, gazeti amelishika kwa mikono miwili.

"Shosho, kuja uone hii kitu."

"Soma, mwanangu. Macho yangu leo hayataki."

Akasoma. Genge la timboni limekula kiapo cha damu, laapa kuwafukuza wageni wote. Nikamwambia anipe. Nikaiona picha. Mjukuu wangu yuko katikati, panga mkononi, damu hadi kwenye viwiko, kinywa wazi kama anayetaka kula mtu. Nyuma yake moshi.

Moshi ule ni ubani na jiko langu. Panga lile lilikuwa la kukatia mifupa. Na kinywa kile kilikuwa wazi kwa sababu alikuwa ananiita mimi, nimechelewa na sinia. "Bibi! Sinia!" Hayo ndiyo aliyokuwa akisema. Hata mimi nimo, kama unajua kutazama: pembeni kuna vidole na bangili ya fedha iliyopinda, imepinda tangu nilipoanguka kisimani nikiwa msichana. Mkono wangu umebaki. Mwenye mkono amekatwa, sinia limekatwa, watoto na ubwabwa wao wamekatwa. Na upande wa pili, pale ambapo paja la mbuzi limeshikwa ili likatwe vizuri, aliyelishika naye amekatwa. Aliyelishika alikuwa mume wa huyu aliyenisomea.

"Huyu hapa ni mumeo," nikamwambia, nikiweka kidole kwenye ukingo wa karatasi.

"Hapo hakuna mtu, shosho."

"Alikuwapo! Hakukuletea ini siku ile, mkalikaanga na vitunguu, ukaniletea kidogo kwa bakuli lako la kijani?"

"Alileta."

"Basi aliapa kujifukuza mwenyewe?"

Akasema neno ambalo mpaka leo likinijia nachukia chakula. "Mimi sijui. Pengine mlikuwa mnasema mambo yenu kwa Kimijikenda na sisi hatukuelewa. Si imeandikwa?"

Kabla jua halijatua aliwapeleka watoto wake Changamwe kwa dadake. Mumewe naye akaenda huko, timboni hakurudi; yeye akabaki kulinda nyumba. Njia nzima watu walikuwa wanabeba magodoro. Watu waliokula mbuzi mmoja. Sisi nasi tukaanza kuwatazama wao: kama wanaondoka hivi, huenda wanajua jambo. Mjinga mmoja akasema wasiruhusiwe kuondoka na mabati yao, mjinga mwingine akayachukua. Gazeti likapata la kuandika tena.

Wenye simu za kupiga picha walikuwapo kwenye sadaka, nisije nikaulizwa. Simu nyingine zilichukuliwa na askari, na waliobaki walizifuta picha zao usiku ule ule kwa woga.

Askari walipomjia mjukuu wangu hawakuuliza jina lake. Walikuja na gazeti limekunjwa mfukoni, wakalifungua, wakamtazama, wakalitazama. "Ni huyu." Akataka kusema, akapigwa kofi. Akanitazama mimi, akasema, "Bibi, waambie ulikuwa unaleta sinia." Niliwaambia. Mmoja wao akacheka.

Walipoondoka naye kwa gari lao, karatasi ile ilikuwa imeanguka uani. Niliiokota, nikaigeuza. Nyuma ya picha ya mjukuu wangu, ukurasa mzima, rangi tupu: nyumba nyeupe, miti, mtoto anaendesha baiskeli. Nyumba za kisasa, Utange, pahala palipo na amani. Nilisoma kwa kidole mpaka mwisho, nikalitambua shimo letu kwa jinsi barabara inavyopinda.

Walimshtaki kwamba ndiye aliyeongoza genge la kiapo lililomuua mlinzi, nami nikaazimia kwenda gazetini kuomba ile picha nzima. Nilijua ipo. Yule aliipiga sote tumo, nami nilimsikia akisema turudi nyuma kidogo tuenee. Kama hakimu angeiona, na watoto na ubwabwa, na mbara ameshika paja, kesi ingekuwa ya mbuzi.

Nilimwomba jirani anisindikize. Alikubali, na sababu yake ilinishangaza. Alitaka kuwauliza wenyewe wabara watafukuzwa lini, ajue kama awalipie watoto karo huku au huko. Basi tukavaa, mimi buibui langu, yeye gauni la kanisani, tukavuka daraja kwenda mjini.

Mkubwa wa gazeti alikuwa kijana tu, ana adabu. "Shikamoo mama." Nikamwitikia, "Marahaba, baba." Tukaletewa soda. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, kichwa kinakubali kubali, kisha akasema:

"Picha nzima ipo, mama. Lakini ile ni mali ya gazeti. Hatuitoi."

"Na mkono huu?" Nikauweka mezani, na bangili. "Umo kwenye picha. Huu nao ni mali ya gazeti?"

Wakacheka wote, hata msichana wa soda. Sikuwa nimetania.

Jirani yangu akaona ndio wakati wake. "Mimi ni mbara. Naishi na hawa watu. Nilitaka kujua tarehe ya kufukuzwa."

"Hatuna habari hiyo, mama."

"Lakini mliandika."

"Tuliandika kwamba kuna hofu."

"Hofu mimi niliipata kwenu," akasema jirani yangu. Naye hakuwa akishindana, alikuwa anaeleza tu. Yule kijana akatazama kalamu yake.

Kisha akaweka mezani simu ya kunasa sauti, akaniambia, basi mama sema wewe, tutaandika upande wenu. Nikasema. Nakumbuka kila neno na pahala nilipovuta pumzi. "Kijana huyu nimemlea mimi. Lau angekuwa muuaji, ningempeleka polisi mimi mwenyewe kwa mkono wangu huu, wasingehangaika kumtafuta. Lakini si muuaji. Alichinja mbuzi wa sadaka, na huyu mwenzangu hapa mumewe ndiye aliyemshikia." Wakanipiga picha nikiwa nimeinua mkono.

Picha yangu ilitoka kubwa. Juu yake waliandika: Bibi wa kiongozi wa genge: ningempeleka polisi mimi mwenyewe.

Walikuwa wamekata mwanzo, wamekata na mwisho. Mbuzi hayumo, sadaka haimo, mumewe huyu hayumo. Jirani yangu alinisomea mara moja, akarudia, akageuza ukurasa kutafuta pengine maneno yameendelea nyuma. Nyuma palikuwa na zile nyumba.

"Lakini shosho, nilikuwa hapo," akasema. "Nilikuwa nimekaa hapo na soda yangu. Hukusema hivi."

"Si imeandikwa?" nikamwambia.

Nilimwambia kwa ubaya, nikitaka limuume. Lilimuuma. Alikaa chini kwenye kizingiti changu, gauni lake la kazi na vumbi lote lile, akalia kama mtu aliyefiwa. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiri jambo moja: gazeti linaingia rumande.

Siku ya kuzuru nilipika wali wa nazi na mbaazi, nikapanga foleni na kina mama wengine. Askari akachukua chakula, akaingia, akakaa, akatoka na bakuli langu bado limefungwa.

"Amesema hana bibi."

"Mwambie ni mimi."

"Nimemwambia, mama. Amesema bibi yake alishakwenda kumpeleka polisi kwa mkono wake."

Nilirudi na chakula changu. Nilipofika nyumbani nilikitupa. Miaka yote ya dhiki sijapata kutupa chakula, siku ile nilitupa, na bakuli.

Nadhani jirani yangu aliniona, maana jioni ile ile alikwenda Changamwe kwa mumewe. Waliyosemezana aliniambia baadaye. Walisemezana kwa lugha yao, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba lugha yao ina kisu ndani yake. Mume hakutaka. Alisema, nikisimama mahakamani nikasema nilishika paja, nami nitatiwa ndani, watoto watakula nini? Mke akamwambia, "Ini ulileta wewe. Nililikaanga mimi. Basi nenda useme, au nitakwenda mimi niseme nilikula kiapo kwa vitunguu."

Mume akaenda. Namshukuru hadi leo, na jina lake nalitaja kila nikiinua mikono kuomba, ingawa yeye ni wa kanisani na hatajua. Alisimama mbele ya hakimu na shati lililopigwa pasi, mikono imejaa makovu ya mawe, akasema paja nililishika mimi, na huyu alikuwa anakata. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama aliyasikia maneno ya kiapo. Akajibu, "Niliyasikia. Alisema, Bibi, sinia." Watu wakacheka, hakimu mwenyewe akafunika kinywa. Kisha akaulizwa wewe ni kabila gani, akasema. Akaulizwa, sasa uliapa kujifukuza? Akasema hilo ndilo nami nimekuja kuuliza.

Hawakuwa na ushahidi mwingine ila ile karatasi. Kesi ikatupwa. Niligeuka kutazama benchi wanalokaa watu wa magazeti. Mara ya kwanza mjukuu wangu alipoletwa walikuwa wamebanana pale mpaka wengine wamesimama. Siku ile palikuwa na mzee mmoja amelala, naye hakuwa mwandishi. Gazeti la kesho yake nililinunua, na la kesho kutwa, nikasoma kwa kidole hata habari za mipira. Hawakuandika hata mstari.

Mjukuu wangu alirudi nyumbani. Tuliongea, lakini si kama zamani. Alinieleza kwamba rumande gazeti moja husomwa na chumba kizima, mmoja anasoma kwa sauti na wengine wanasikiliza, na siku ile aliyesoma alimaliza akamwambia, hata bibi yako amekutupa. "Nilijua hukusema hivyo," akaniambia. Kisha akasema, "Nilijua baadaye." Nilimtazama nikaona kwamba jambo hilo halitafika mahali pa kusahaulika, si kwake wala kwangu.

Timbo lilikuwa limeshazungushiwa ukuta, na ukuta wenyewe wameujenga kwa mawe yetu. Akatafuta kazi Mtopanga. Watu walimtazama usoni wakasema nafasi zimejaa. Akaenda kubeba mizigo sokoni, akasikia mama mmoja akimwambia mwanawe, twende upande ule, yule ni wa genge. Picha ile ilikuwa ndani ya simu za watu. Karatasi mtu angeichoma, lakini simu utaziomba wangapi?

Siku moja alinyoa ndevu, akanyoa na kichwa, akaja akakaa nilipokuwa nachambua mchele.

"Bibi, naenda Miritini. Kuna kazi ya kupakia malori."

"Nenda, mume wangu. Mungu akutangulie."

Akachezea mchele kwa kidole. "Huko nimewapa jina jingine."

Nilichambua mchele, nikaona kokoto moja ndogo nyeupe, nikaitoa. Nilikaa ndoa nzima bila kulitamka jina lile, nikalipata kwake. Nikamuuliza jipya ni lipi. Akaniambia. Ni jina zuri tu, la mtu yeyote, halina babu.

Basi sasa nina majina yake mawili, na hilo la pili ndilo pekee ambalo kichwa changu hakilishiki vizuri. Nikimpigia simu nasikia malori, nasikia wanaume wakipiga kelele kwa lugha za huko bara. Yeye huwahi kusema kabla yangu, kwa sauti ya chini, "Niite lile jingine, bibi, watu wapo." Juzi nililisahau. Nikaogopa jina la babu yake lisinitoke, nikashika la utani, nikasema, "Hujambo, mume wangu?"

Nikasikia mtu karibu yake akimuuliza nani huyo.

"Wamekosea namba," akasema, na simu ikakatika.